Sijakopa Mimi, Mbona Meseji Zinakuja Kwangu? Maswali Yenu Kuhusu Sheria, Simu na Data

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kitu kimoja, taarifa za mtu zimefika mahali ambapo yeye mwenyewe hakuzipeleka. Nimechagua sita, zilizokuwa ndefu nimezipunguza, majina nimetoa yote. Najibu kwa sheria za Tanzania isipokuwa pale muulizaji yuko Kenya, na ambapo majirani wametutangulia nitasema wazi maana kuna mambo wao wameshayafikisha mahakamani na sisi bado tunayazungumzia vijiweni.

Shikamoo wakili. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mbagala. Wifi yangu alikopa laki na nusu kwenye aplikesheni ya mikopo, siku zikapita hajalipa, sasa mimi ndo nasumbuliwa. Wananipigia usiku, wananitumia meseji "mwambie mwizi mwenzio alipe", na picha yake ya kitambulisho imeandikwa TAPELI kwa herufi nyekundu wameisambaza kwa watu wa kikoba chetu na mpaka kwa mwalimu mkuu wangu, kumbe wifi alikuwa na namba yake sababu mtoto wake anasoma kwetu. Mimi sijakopa, sijasaini, hiyo apu hata sijui inafananaje. Nikiwaambia wafute namba yangu wananicheka. Nina haki yoyote au ndo mpaka wifi alipe?

Marahaba mwalimu, na pole sana, maana aibu ya kuitwa ofisini kwa mkuu kuelezea deni la mtu mwingine naielewa. Haki unayo, tena ni ya kwako mwenyewe, haisubiri wifi alipe.

Tuanze na namba yako ilifikaje kwao. Wifi alipopakua ile apu, kabla hajaona hata sehemu ya kuandika kiasi anachotaka, simu ilimuuliza kama anaruhusu apu isome majina yaliyomo kwenye simu, isome meseji, itumie kamera. Mtu mwenye shida ya hela ya haraka hasomi, anabonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu. Hapo hapo orodha nzima ya majina ikapakiwa kwenye seva yao, na wewe ukiwemo, fundi wake akiwemo, mwalimu mkuu akiwemo. Ndo maana hata akiifuta hiyo apu leo majina yenu yanabaki huko, watu wengi hawalijui hili wanafikiri ukishafuta apu umeshajitoa.

Sasa, wifi anaweza kuruhusu taarifa zake yeye. Hawezi kukuruhusia wewe. Jina lako na namba yako ya simu ni taarifa zako binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sheria hiyo inataka taarifa zichukuliwe kwa mhusika mwenyewe, kwa lengo halali analolijua, zisitumike kwa jambo jingine. Kuna vipengele vya msamaha lakini hakuna hata kimoja kinachosema mkopeshaji atumie namba ya jirani kumtukana. Kampuni ikitoa taarifa za watu kinyume cha sheria faini yake inaanzia shilingi milioni 1 na inaweza kufika bilioni 5.

Kenya jambo hili hili limeshaamuliwa. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data kule, Immaculate Kassait, aliitoza kampuni ya Mulla Pride, wenye apu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000, na kosa lilikuwa ni hilo hilo lako, walichukua majina na namba za watu wengine kwenye simu za wakopaji halafu wakawatumia meseji za vitisho na kuwapigia. Waliolalamika walikuwa ni watu kama wewe, wasiokopa.

Kwetu nako Benki Kuu ilitoa mwongozo wa wakopeshaji wa kidijitali mwezi Agosti 2024, na Novemba mwaka huo huo ikatangaza orodha ya apu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Kwahiyo kazi ya kwanza, muulize wifi jina kamili la hiyo apu muone kama ipo kwenye orodha hiyo au kama kampuni yake ina leseni kweli. Hilo litakwambia kama unapambana na kampuni yenye ofisi au na watu waliojificha nyuma ya laini za simu, na njia zinatofautiana.

Meseji usifute hata moja, hata zile za matusi mazito. Piga skrinshoti ambayo namba iliyotuma inaonekana yote pamoja na tarehe na saa, ukikata ile sehemu ya juu yenye namba umejinyima ushahidi mwenyewe. Mwombe mwalimu mkuu na wale wa kikoba wafanye hivyo hivyo kwenye simu zao, kwa sababu ile picha waliipokea wao. Halafu waandikie hao wakopeshaji mara moja tu, kwa maandishi, kwa lugha ya adabu: mimi siyo mteja wenu, sijaruhusu mtumie namba yangu, naomba muifute na mnithibitishie. Usibishane nao kwenye simu, na usirudishe tusi, maana na wao wana skrinshoti. Baada ya hapo peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hii ndo ile aliyoizindua Rais Samia Aprili 2024, na nakala Benki Kuu. Na kwa zile meseji za kutisha na kudhalilisha una haki ya kwenda polisi pia, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kosa la unyanyasaji mtandaoni, faini yake haipungui milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote viwili.

Wifi yako mwambie deni bado analo. Kuna watu huwa wanasoma majibu kama haya wanafikiri wameshasamehewa. Alipe, apewe uthibitisho, na yeye afungue malalamiko yake peke yake kuhusu kitambulisho chake kusambazwa, kwa sababu mtu kuwa na deni hakumfanyi awe halali ya kuchafuliwa.

Wakili mambo. Mi ni adimini wa grupu la WhatsApp la mtaa wetu Mwanza, tuko zaidi ya mia mbili. Kuna jamaa kaniambia mtu akiposti habari ya uongo humo anayekamatwa ni adimini. Niifunge?

Usifunge. Kosa la jinai ni la aliyelitenda, na kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao kifungu cha taarifa za uongo kinamlenga anayechapisha. India waliliuliza mahakamani hili hili na Mahakama Kuu ya Kerala mwaka 2022 ikasema adimini hawajibiki kwa alichoposti mwanachama kwa sababu tu yeye ni adimini. Hukumu ya Kerala haiwafungi majaji wetu, ila hoja yake ni nzuri. Unachotakiwa kuogopa ni kitu kingine, umeambiwa kuna picha ya utupu ya binti wa watu humo ndani, umeiona, ukaiacha, au mbaya zaidi ukacheka na kuisambaza. Hapo hauko tena kama adimini, upo kama wewe. Futa, mtoe aliyetuma, na uandike humo humo kwenye grupu kwamba umefuta na kwa nini.

Shikamoo wakili, nasoma TEHAMA mwaka wa pili, Iringa. Chuo chetu kina tovuti ya kuangalia ada na matokeo. Siku moja nimeingia kwa akaunti yangu nikaona kule juu kwenye anwani mwishoni kuna namba yangu ya usajili. Nikabadilisha tarakimu ya mwisho, ikafunguka ya mwenzangu, jina, namba ya simu ya mzazi, ada anayodaiwa, kila kitu. Nikajaribu na nyingine mbili hivi, zote zinafunguka. Nataka niwaambie chuo ila mshkaji wangu ananiambia utafungwa wewe. Ni kweli?

Marahaba mdogo wangu. Hii barua nimeisoma mara kadhaa kabla ya kuijibu maana umefanya jambo la kiungwana kufikiria kuwaambia, na sitaki nikupe jibu la kukufurahisha likakuponza.

Mshkaji wako hajakosea kabisa. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinasema mtu hataingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na bila uhalali, na adhabu yake ni faini isiyopungua milioni 3, au mara tatu ya faida aliyoipata kama ni kubwa zaidi, au jela isiyopungua mwaka 1, au vyote. Ona neno makusudi. Mara ya kwanza ulipobadilisha ile tarakimu unaweza kusema ulikuwa unachezea tu, hukujua kitatokea nini. Zile nyingine mbili ulikuwa unajua. Mwendesha mashtaka mkali ataanzia hapo hapo. Na ndani ya sheria yetu hakuna kifungu kinachomkinga mtu aliyeingia kwa nia njema ili atoe taarifa, mimi hili linaniumiza kila nikilifikiria kwa sababu maana yake tunawafundisha vijana usalama wa mitandao vyuoni halafu yule anayeona tundu na kusema tunamwacha bila kinga, na yule anayeona tundu akanyamaza akaiba ndo analala usingizi. Bunge lingeongeza kifungu kimoja tu kwa ajili ya watu kama wewe lingetusaidia sote.

Nikupe mifano miwili ya Marekani ujue mstari uko wapi. Mwaka 2010 Andrew Auernheimer na mwenzake waligundua kwamba tovuti ya kampuni ya simu ya AT&T ukibadilisha namba kwenye anwani inakupa barua pepe ya mwenye iPad. Wakaandika programu ikavuta barua pepe kama 114,000, wakazipeleka kwa waandishi wa habari. Mwaka 2013 alihukumiwa miezi 41. Aprili 2014 mahakama ya rufaa ilimwachia, ila kwa sababu kesi ilisikilizwa kwenye jimbo lisilohusika, haikusema alichofanya kilikuwa halali. Kubadilisha namba kwenye anwani, kitu kile kile ulichofanya wewe, isipokuwa yeye alivuta mzigo mzima.

Wa pili ni Josh Renaud, mwandishi wa gazeti la St. Louis Post-Dispatch, Missouri. Oktoba 2021 aliona kwamba tovuti ya idara ya elimu ya jimbo ina namba za hifadhi ya jamii za walimu, kule ndo namba ya utambulisho wa mtu, zipo kwenye maandishi ya ukurasa yale ambayo mtu yeyote akibonyeza kitufe cha kulia cha mausi anayaona. Akawaambia idara kwanza, gazeti likangoja tundu lizibwe ndipo likaandika. Gavana Mike Parson akatoka hadharani akamwita mdukuzi na kusema atashtakiwa. Miezi ikapita, Februari 2022 mwendesha mashtaka akasema hafungui kesi. Fikiria hiyo miezi aliishije, lakini alipona, na kilichomponya ni kwamba hakuchukua zaidi ya alichohitaji kuthibitisha, alisema kwanza, akangoja. Mei mwaka huo huo Wizara ya Sheria ya Marekani ikatoa sera kwamba watafiti wa usalama wenye nia njema wasishtakiwe kwa sheria yao ya udukuzi. Huo ni uamuzi wa kwao, hapa haukukingi.

Kwahiyo acha sasa hivi. Usijaribu namba ya nne hata kama ni kuhakikisha. Ukiona duka la jirani usiku halina kufuli unamwamsha mwenye duka, huingii ndani kuhesabu bidhaa ili ushahidi wako ukamilike. Kama ulipiga skrinshoti za kurasa za wenzako usizitume kwa mtu, hata kwa huyo mshkaji. Usiposti popote. Na naomba sana, usiombe hela wala usiseme "nilipeni niwaoneshe", ukishataja malipo kabla ya kusema tatizo ni lipi, barua yako inageuka kuwa vitisho na hakuna wakili atakayekutetea kirahisi.

Andika barua fupi yenye tarehe: niliingia kwa akaunti yangu mwenyewe tarehe fulani, niliona kwamba namba ya usajili inaonekana kwenye anwani na ikibadilishwa ukurasa wa mwanafunzi mwingine unafunguka, nimeacha hapo, sijahifadhi taarifa ya mtu, naomba mtazame. Hiyo kauli ya sijahifadhi iandike tu kama ni kweli. Kabla hujaituma mpelekee mhadhiri unayemwamini au mkuu wa idara aipitie, ikiwezekana iende kupitia kwake. Ukiona wanakaa kimya, ipo TZ-CERT, kitengo cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mitandao kilicho chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kazi yao ni hiyo.

Na chuo chenu kijue upande wa pili wa shilingi upo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawataka walinde taarifa za wanafunzi na wakigundua uvunjifu wa usalama waiarifu Tume bila kuchelewa. Kenya wameweka saa 72. Tovuti inayofungua ada ya mtu kwa kubadilisha tarakimu moja imejengwa vibaya, na mwenye kujieleza kwa hilo ni aliyeijenga na aliyeipokea akalipa.

Habari wakili, niko Nakuru. Shule ya mtoto wangu imeweka picha yake Facebook na kwenye bango la kutangaza shule barabarani, hawakuniuliza. Mwalimu ananiambia ati nilisaini fomu ya kujiunga. Hiyo fomu haikusema mambo ya picha.

Mzazi, kwenu hili ni jepesi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na idhini lazima iwe ya jambo mahsusi, fomu ya kujiunga isiyotaja picha wala matangazo haitoshi. Septemba 2023, siku zile zile za Mulla Pride, Roma School ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, ikawa kubwa kuliko ya wale wakopeshaji, na mimi naona ilistahili. Waandikie waondoe, wape siku chache, piga picha hilo bango likiwa bado liko barabarani. Wakigoma lalamika kwa Kamishna, hulipii, na sheria inampa siku 90 kumaliza. Fidia pia unaweza kuomba.

Wakili, mimi ni kijana wa Nairobi. 2023 nilipanga foleni pale KICC nikaangalia ile mpira ya Worldcoin, nikapata tokeni za kama elfu saba, wakati huo sikuwa na kazi. Juzi nasikia korti ilisema ni makosa. Macho yangu sasa yako wapi na nitashtakiwa?

Ondoa hofu, wewe hukufanya kosa lolote. Kwenye ile kesi mkosaji alikuwa upande wa pili.

Kilichotokea ni hivi. Worldcoin ni mradi wa sarafu ya kidijitali, hizo tokeni ndo sarafu yenyewe, na ile mpira ni kamera yao, inapiga picha mboni yako halafu programu inageuza mistari ya mboni kuwa msimbo wa tarakimu ambao ni wako peke yako duniani. Serikali ya Kenya ilisimamisha usajili tarehe 2 Agosti 2023 baada ya watu kufurika. Taasisi ya Katiba na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na tarehe 5 Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili akaamua kwamba data ile ilichukuliwa kinyume cha sheria. Hoja mbili ndo zilizobeba. Hawakufanya tathmini ya athari kwa data za watu kabla ya kuanza, ambayo sheria inaidai pale data ni nyeti. Na idhini waliyoipata ilikuwa imenunuliwa kwa tokeni. Akaamuru data yote ya kibayometriki ifutwe moja kwa moja ndani ya siku 7, chini ya uangalizi wa ofisi ya Kamishna wa Data.

Hiyo hoja ya idhini naomba uishike vizuri kwa sababu inakwenda mbali kuliko Worldcoin. Kijana hana kazi, anaambiwa tazama hapa upate elfu saba, atasema ndiyo. Jaji anasema ndiyo ya namna hiyo sheria haiihesabu kuwa idhini huru. Sasa waza wangapi wanaotugawia bando, vocha, fulana, kwa kubadilishana na alama ya kidole au picha ya uso, wote hao wamewekewa swali mezani. Paswadi ikivuja unabadilisha, mboni ikivuja huna nyingine ya kuweka.

Kwako wewe, fungua ile apu au tovuti yao, andika ombi la kuthibitishiwa kwa maandishi kwamba data yako ya mboni imefutwa, taja hukumu ya 5 Mei 2025, tunza nakala. Usipojibiwa au ukajibiwa kwa maneno ya kuzunguka, ipeleke kwa Kamishna pamoja na nakala hiyo. Na mtu akikutafuta akisema yeye ni wakala anakusaidia kufuta, akaomba uangalie kamera tena au umpe kitambulisho, mkatie simu.

Mwanangu wakili, mimi ni mama wa Tanga. Nilipokea voisi WhatsApp, sauti ni ya mwanangu aliyeko Muscat, naijua sauti yake hata usingizini, anasema mama nimepata matatizo simu yangu imeshikwa, tuma laki sita kwenye namba hii ya rafiki yangu Dar. Nikatuma. Jioni mwanangu ananipigia kwa namba yake hajui chochote. Polisi wananiambia kama ulituma mwenyewe hakuna kesi. Watu wanasema ni akili bandia. Kuna sheria ya hiyo?

Shikamoo mama, pole sana, na usijilaumu. Hawa watu wanachukua sauti kwenye video ambazo kijana ameziweka status au TikTok, sekunde chache zinatosha, programu inaigiza ile sauti inasoma maneno wanayoandika wao. Mwanzoni mwa 2024 ilijulikana kwamba mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup kule Hong Kong aliingia kwenye kikao cha video akawaona na kuwasikia wakubwa zake, akatuma dola za Hong Kong milioni 200, wote aliowaona walikuwa wa kutengenezwa. Mtu wa fedha, wa kampuni kubwa, na alikuwa anawaona kwa macho. Wewe ulisikia sauti ya mtoto wako yuko shidani ugenini, nani angekaa.

Hilo neno la kwamba hakuna kesi kwa vile ulituma mwenyewe si kweli. Aliyetapeliwa siku zote hutoa kwa mkono wake, ndo utapeli wenyewe ulivyo. Na hakuna haja ya kungoja sheria yenye jina la akili bandia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inalo kosa la kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 7, na lipo kosa la ulaghai kwa kompyuta, faini isiyopungua milioni 20 au jela isiyopungua miaka 7. Sheria haijali kama sauti iliigizwa na mtu au na mashine. Mtu alijifanya mwanao ili achukue hela yako, basi.

Ninapoona ugumu mimi ni kwenye ushahidi, hapo ndipo kesi za aina hii zinafia, kwahiyo nisikilize mama. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, nayo ya 2015, inasema mahakama haitakataa ushahidi kwa sababu tu upo kwenye mfumo wa kielektroniki, ila itaangalia ulitengenezwaje, ukatunzwaje, na kama unaaminika haujachezewa. Ile voisi iliyo kwenye simu yako ndo ya asili. Ukiifowadi kwa binti yako akuhifadhie, ukaifuta kwako, ukabadilisha simu, tayari tumebaki na nakala ya nakala na wakili wa mshtakiwa atauliza nani kaigusa katikati. Usiifute, usifute na ile namba iliyoituma, na WhatsApp usiiondoe kwenye hiyo simu. Meseji ya muamala uliyopata baada ya kutuma ina namba ya muamala, iandike pia kwenye karatasi, simu huibiwa.

Mtandao wako wa simu je, uliwapigia? Kama bado piga leo, uwape hiyo namba ya muamala, wakati mwingine hela inakutwa bado ipo na wanaizuia, ila ni suala la saa, ikishatolewa kwa wakala ndo imekwenda. Namba iliyokutumia ujumbe ipeleke pia kwa meseji kwenda 15040, ni ya kuripoti matapeli. Laini iliyopokea hela imesajiliwa kwa alama ya kidole cha mtu fulani, polisi wana njia ya kisheria ya kuuliza ni nani. Mara nyingi anakutwa ni bodaboda au mama ntilie aliyesajiliwa laini ya pili bila kujua siku alipoweka kidole kwa wakala wa barabarani, na ndo maana huwa nasisitiza kila mtu apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, ukikuta usiyoijua nenda dukani kwa mtandao husika ikafungwe.

Rudi kituoni na mtu mzima mmoja wa kukusindikiza, omba dawati la makosa ya mtandao, na kama kituo hicho hakina waombe wakuelekeze kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya. Maelezo yako yaandikwe kwa mpangilio huu: saa ngapi voisi iliingia na kwa namba ipi, ilisema nini, saa ngapi ulituma, kiasi gani, namba ya muamala, na saa ngapi mwanao alikupigia. Mwanao naye aandike maelezo yake huko aliko kwamba sauti ile hakuirekodi yeye, ayasaini, akutumie, maana bila yeye kukana hatuna kesi ya mtu kujifanya yeye. Usiondoke bila RB, ile namba ya kumbukumbu ya ripoti yako. Wakikukatalia tena niandikie ukitaja siku uliyokwenda na walichokujibu, nami nitakuandalia barua ya kupeleka ngazi ya juu.